Kuhesabu Waliohama Makwao Baada ya Mafuriko Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na makarani wa kujitolea, wazee wa mitaa, viongozi wa misikiti na makanisa na vikundi vya vijana kila mvua za masika au vuli zinapozidi. Yamepewa nambari ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Aliyeathirika na aliyehama wana tofauti gani?

Aliyeathirika ni yeyote ambaye maji yamemgusa: yameingia chumbani, choo kimefurika, bidhaa za kibanda zimeharibika. Aliyehama ni yule aliyelazimika kutoka akalala kwingine, hata kama kwingine huko ni nyumba ya tatu kwenye barabara ileile. Kila aliyehama ameathirika, lakini wengi walioathirika hawakuhama. Walipandisha magodoro juu ya meza wakangoja.

Weka safu mbili tangu siku ya kwanza. Hesabu ikishachanganywa, hakuna wa kuitenganisha baadaye, na atakayeagiza mahema atatumia nambari iliyokusudiwa mgawaji wa dawa ya kutibu maji.

2. Je, tuwaite wakimbizi?

Mkimbizi kisheria ni aliyevuka mpaka wa nchi. Aliyehama ndani ya Kenya ni mkimbizi wa ndani, na sheria ya mwaka 2012 inayowahusu inataja pia majanga ya asili, si vita na machafuko peke yake. Mkataba wa Kampala wa 2009 unasema vivyo hivyo.

Hata hivyo, mlangoni usilitumie neno hilo. Tangu machafuko ya 2007 na 2008 limebeba uzito wake, na mtu wa Mikindani aliyelala kwa dadake siku mbili atakwambia yeye si mkimbizi, nawe utaandika kwamba hakuhama. Uliza hivi: "Je, kwa sababu ya maji, kuna yeyote wa nyumba hii aliyelala kwingine?"

3. Mbona maswali ni mengi? Si tuhesabu vichwa tu?

Swali libaki kwenye fomu kama tu kuna uamuzi unaolitegemea. Tuseme shule imepokea watu 180. Kwa viwango vya kibinadamu vya Sphere, kila mtu anahitaji angalau lita 15 za maji kwa siku, yaani lita 2,700 kwa kituo kizima. Choo kimoja kwa watu 20, yaani vyoo 9. Na mita 3.5 za mraba chini ya paa kwa kila mtu. Darasa la mita 7 kwa 8 linatosha watu 16, kwa hiyo yanatakiwa madarasa 12. Hapo idadi imeshafanya kazi. Idadi ya wanawake na wanaume nayo itaamua vyoo vigawanywe vipi, na idadi ya watoto wachanga itaamua mengine. Dini na kabila haviamui chochote kati ya hayo, kwa hiyo viondoe.

4. Tumewahesabu wote waliopo shuleni. Hesabu haijakamilika?

Bado. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Watu wa Mombasa wakikimbia maji huanza kwa jamaa: kwa shangazi Kongowea, kwa kaka Likoni, kwa mkwe Kisauni. Wanaofika shuleni mara nyingi ni wasio na jamaa karibu, au wenye watoto wengi wasioweza kubanwa kwenye chumba kimoja cha watu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Aliyelala kwa shangazi hayupo kwenye orodha, na blanketi lake halipo vilevile.

Kuwapata kuna njia mbili, na zote mbili zinahitajika. Ya kwanza inaanzia kule maji yalikoingia: tembea mlango kwa mlango na, palipofungwa, muulize jirani, "Wa hapa wamekwenda wapi?" Andika mtaa, na nambari ya simu kama jirani anayo. Ya pili inaanzia kule wanakopokelewa. Waulize wahudumu wa afya ya jamii, ambao wana orodha ya nyumba wanazozitembelea, na muuza maji wa mkokoteni. Yeye hujua ni nyumba gani iliyokuwa ikinunua mitungi miwili na sasa inanunua minne.

Mwandike na mwenyeji pia. Chumba cha watu wanne kilichopokea watano kimeathirika hata kama hakikuingia tone la maji.

5. Wakati mzuri wa kuhesabu ni upi?

Alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, au usiku baada ya chakula. Mchana kituo hubaki na wazee na watoto wadogo. Wengine wako kwenye vibarua, bodaboda na uchuuzi, au wamerudi kulinda vitu vyao (tazama swali la 17). Mchana pia huweza kukudanganya upande wa pili: sahani zikianza kugawiwa, mtaa mzima hujaa.

Kwa mitaa iliyo kando ya Tudor na hori zake, tazama pia bahari. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana, maji ya mitaro hukosa pa kwenda, kwani maji kujaa na maji kupwa hapa hupishana kwa zaidi ya mita 3. Kuna familia zinazorudi nyumbani maji yakipwa na kuondoka tena yakijaa. Kwa hiyo kila hesabu iandikwe tarehe na saa. Nambari isiyo na saa haiwezi kulinganishwa na ya kesho.

## Maandalizi

6. Tutumie simu au karatasi?

Simu, huku karatasi ikiwa akiba. Programu kama KoboToolbox na ODK hufanya kazi bila intaneti: fomu hujazwa ikahifadhiwa kwenye simu, kisha hutumwa mtandao ukipatikana. Yanayoharibika ni haya. Karani huifuta programu ili apate nafasi ya picha, na fomu ambazo hazijatumwa hupotea zote. Saa ya simu huwa haikurekebishwa, fomu za leo zikaonekana za mwaka jana. Na majina ya mitaa yakiachwa yaandikwe kwa mkono, utapata Mshomoroni, Mishomoroni na "mishmorn" kama mitaa mitatu. Weka orodha ya kuchagua: kaunti ndogo, lokesheni, mtaa.

Umri nao uwekewe mpaka, 0 hadi 110, na watoto wa chini ya miaka miwili waandikwe kwa miezi. Alama ya mahali ichukuliwe nje, si chini ya mabati, na karani angoje mpaka simu ionyeshe kosa lisilozidi mita 10. Ukiwa na haraka utaiweka nyumba ya Jomvu katikati ya maji ya Tudor.

Kwenye karatasi, andika kwa penseli. Wino ukilowa huondoka na majina. Fomu zikae kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, si mkononi.

7. Tunahitaji makarani wangapi?

Mahojiano ya familia moja, pamoja na salamu na maelezo, huchukua dakika 20 hadi 25. Ukiongeza kutembea kwenye matope, jozi moja hukamilisha familia 12 hadi 15 kwa siku. Familia 400 zitahitaji jozi 10 kwa siku tatu, na nusu siku ya kurudia palipokosekana. Anayekuletea fomu 40 kwa siku amezijazia chini ya mwembe.

Kila jozi iwe na mwanamke na mwanamume. Nyumba nyingi, hasa mume akiwa hayupo, mlango utafunguliwa kwa mwanamke, na mambo ya pedi, uja uzito na usalama wa usiku hayatasemwa mbele ya kijana wa kiume. Mmoja wao awe anajua lugha ya nyumbani ya wenyeji wa eneo, kwa mfano Kigiriama au Kiduruma. Bibi wa miaka sabini anaweza kuitikia Kiswahili chako kwa heshima bila kukielewa.

Lipeni siku nzima ya mafunzo, na jaribio kwenye nyumba tano za mtaa ambao hautahesabiwa.

8. Tuanze kwa nani kabla ya kuingia mtaani?

Kwa chifu au naibu wake, kisha mzee wa mtaa na viongozi wa Nyumba Kumi. Watambulishe makarani kwao, waeleze unachokusanya na usichokusanya. Kazi yao ni kuwafungulia njia na kuonyesha mipaka. Kuandika majina si kazi yao (tazama swali la 16).

## Nyumba, familia na majina

9. Tunahesabu "kaya". Mbona watu wanatushangaa?

Kwa sababu Mmijikenda akisikia kaya huwaza ule msitu mtakatifu wa mababu, ambao baadhi yake uliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Ukimuuliza "kaya yenu ina watu wangapi", swali lako halina maana kwake. Na ukiuliza "nyumba", utapata kosa jingine: nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati na vyumba sita, pengine vinane, kila chumba na mpangaji wake. Karani anayeandika nyumba moja, familia moja, amezifuta familia tano.

Kipimo kinachofanya kazi ni chungu. Uliza: "Mama, usiku kabla ya maji kuingia, ni watu gani waliolala hapa na wanaokula chungu kimoja nawe?" Wanaochangia choo na bomba lakini kila mmoja ana jiko lake ni familia tofauti. Kijana anayelala chumba cha nje akila kwa mamake ni wa mamake.

Mtihani wa kawaida: ndugu watatu wa kiume wanakodi chumba kimoja, kila mtu anakula kwa mama ntilie. Hapo hakuna chungu. Wanaolipa kodi pamoja waandike familia moja, na uandike hivyo kwenye maelezo.

10. Mtu anasema nyumba ni yake lakini ardhi si yake. Nimwandike mwenye nyumba au mpangaji?

Wala usimlazimishe kuchagua. Mombasa kuna mtindo wa tangu zamani wa nyumba bila ardhi: mtu anajenga kwenye kiwanja cha mwingine na kulipa kodi ya ardhi. Fomu iliyoletwa kutoka kwingine ina majibu mawili tu, na kila karani atajaza lake. Weka majibu manne: nyumba na ardhi ni vyake; nyumba ni yake, ardhi ya mwingine; amekodi nyumba au chumba; amekaa bila kulipa.

Jibu hili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Nyumba bila ardhi ikibomoka, mwenye kiwanja anaweza kukataa isijengwe tena. Mtu huyo hatarudi maji yakikauka, na mpango unaodhani kila mtu atarudi baada ya wiki mbili utamwacha barabarani.

11. Mume ana wake wawili, kila mmoja na nyumba yake. Amehesabiwa mara mbili.

Wake wawili, vyungu viwili, familia mbili. Mume aandikwe pale alipolala usiku wa kabla ya mafuriko, na kwa mke wa pili iandikwe kwamba mume yupo lakini amehesabiwa kwingine. Asiandikwe kwamba mama huyo hana mume, wala familia yake isikatwe kwa kuwa "mzee ameshapata".

12. Tutajuaje kwamba mtu ameandikwa mara mbili?

Si kwa jina peke yake. Muhammad ataandikwa Mohamed, Mohammed, Muhamad. Mwanaisha atakuwa Mwanaesha. Na mama mmoja atajitambulisha kama Mama Salim kwa karani wa kwanza na kwa jina la kitambulisho kwa wa pili. Hafanyi ujanja. Ndivyo anavyoitwa.

Andika majina matatu (lake, la baba, la babu), jina analojulikana nalo mtaani, mwaka wa kuzaliwa, na mtaa alikotoka. Kisha linganisha vitu viwili au vitatu kwa pamoja: jina la baba likilingana, umri ukipishana chini ya miaka miwili na mtaa ukiwa uleule, mpigie simu au urudi ukamwone. Usifute kwa kubahatisha. Nambari ya simu pekee haitoshi, kwani wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto au jirani, na nambari moja ya M-Pesa inaweza kuhudumia familia tatu.

Kila familia ipewe kadi yenye msimbo, mfano JMV-02-014: kaunti ndogo ya Jomvu, jozi ya 2, familia ya 14. Kadi iwe na msimbo tu, bila jina.

13. Hana kitambulisho. Tumwandike?

Ndiyo, bila kusita. Vitambulisho husombwa na maji, na wapo ambao hawakuwahi kuwa navyo: Wapemba wa pwani walitambuliwa kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023 tu, baada ya kuishi hapa miaka mingi. Kuhama kwake hakutegemei karatasi. Andika "hana" au "kimepotea", na aliyepoteza umweleze aripoti polisi apate abstrakti kabla ya kuomba kingine.

## Wakati wa kuuliza

14. Wazee hawajui miaka yao, na watu wanasema hakuna mlemavu nyumbani. Tufanyeje?

Kwa umri, tumia matukio. Uhuru, 1963. Kifo cha Mzee Kenyatta papa hapa Mombasa, Agosti 1978. Feri ya Mtongwe kuzama, Aprili 1994. Mvua za El Niño, 1997. "Feri ilipozama, ulikuwa umeolewa? Ulikuwa na watoto?" Utapata umri unaokaribia kuliko ule wa kukisia usoni.

Kwa ulemavu, usiulize "je, kuna mlemavu?" Neno hilo huwafungia watu ndani. Uliza ugumu wa mambo sita: kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akiwa na kifaa, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kumakinika, kujiosha na kuvaa, na kuwasiliana. Majibu ni manne: hakuna ugumu, kiasi, mkubwa, hawezi kabisa. Mwenye ugumu mkubwa au asiyeweza kabisa katika jambo lolote anahesabiwa. Mzee asiyefika kwenye choo cha shule usiku atapatikana hapa, si kwenye swali la ndiyo au hapana.

15. Ni mambo gani tusiyaulize?

Usimuulize mtu kama amebakwa au amepigwa. Huna faragha, huna mafunzo, na hema lina masikio pande zote. Uliza kuhusu mahali: vyoo vina taa? vinafungika kwa ndani? kuna sehemu wanayoogopa kupita usiku? Akikueleza mwenyewe, msikilize, usiandike kwenye fomu, na umpe njia: 1195 ni simu ya bure ya dhuluma za kijinsia, 116 ni ya watoto. Nambari hizo karani azikariri.

Mtoto aliye peke yake asihojiwe fomu nzima wala asipigwe picha. Jina, umri, mara ya mwisho aliwaona wapi wazazi, kisha akabidhiwe afisa wa watoto siku hiyohiyo.

Ridhaa ni kabla ya swali la kwanza: nani anauliza, kwa nini, nani ataona majibu, na kwamba kujiandikisha si ahadi ya msaada. Anayekataa aachwe kwa amani, na familia ihesabiwe bila majina.

## Baada ya kukusanya

16. Diwani au mzee wa mtaa ameleta orodha yake. Tuipokee?

Ipokee, mshukuru, na uitumie kama ramani ya pa kutembelea. Isiingizwe kwenye hesabu bila kila jina kufikiwa. Siku ileile, chagua familia moja kati ya kila kumi na umtume karani mwingine, si aliyewaandika, akahakiki. Zaidi ya familia moja kati ya ishirini zikikosekana bila maelezo, mtaa huo urudiwe wote. Waambie mapema kwamba uhakiki utafanyika. Majina hewa hupungua kabla hata hujatoka.

17. Baba hushinda kwenye nyumba iliyofurika akilinda mabati na vyombo, usiku hulala kituoni. Amehama?

Ndiyo. Kipimo ni pale anapolala. Akilala kule na familia ikalala kituoni, familia imehama, yeye ameandikwa "amebaki kulinda", na chakula chake kihesabiwe pamoja nao.

18. Tunajua familia ni 400. Tuzidishe kwa ngapi?

Si kwa sita, kama inavyozoeleka. Sensa ya 2019 ilipata wastani wa watu 3.1 kwa familia Mombasa, na 3.9 nchini kote. Familia 400 kwa sita ni watu 2,400, kwa 3.1 ni 1,240. Hata hivyo wastani wa kaunti umejaa vijana wanaokodi peke yao, na mtaa wa wenye watoto utazidi hapo. Hesabu familia 40 kikamilifu, pata wastani wenu, ndipo uzidishe. Na uandike wazi kwamba ni makadirio.

19. Tuitume orodha kwenye kikundi cha WhatsApp ili wote waione?

Hapana. Wala isibandikwe ukutani. Orodha yenye jina, simu na chumba inamwonyesha tapeli nani anangoja pesa, na inamwonyesha mume aliyekimbiwa ni wapi mkewe amelala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu afya, hali ya ndoa na majina ya watoto kuwa taarifa nyeti, na data ikivuja na kuna hatari ya madhara, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72.

Wagawaji wape msimbo wa familia na idadi ya watu. Wakuu wape jumla za mtaa, na mahali penye familia chini ya tano paunganishwe na jirani. Majina yakae kwa watu wawili waliotajwa, kwenye faili lenye neno la siri.

## Hali zisizo za kawaida

20. Amekodi chumba kingine Magongo. Bado amehama?

Amehama, na huenda ndiye anayesahaulika upesi kuliko wote. Uliza kama alilipa kwa akiba au kwa deni, na kodi inayofuata ataipata wapi.

21. Familia za mitaani, waliokuwa wakilala chini ya vibanda vilivyosombwa?

Wanahesabiwa. "Alikotoka" ni pale alipokuwa akilala. Nenda usiku, na mtu wanayemfahamu.

22. Ni lini tumwondoe mtu kwenye orodha?

Maji kukauka hakutoshi, wala shule kufunguliwa. Wakiambiwa waondoke darasani Jumatatu, wamehamishwa mara ya pili, na orodha ifuate walikokwenda. Hesabu irudiwe kila siku wiki ya kwanza, kila wiki hadi mwezi wa tatu, kisha kila mwezi. Kila anayetoka aandikwe sababu: amerudi kwake, amekaa kwa jamaa, amepata makao mapya, hajulikani alipo. "Hajulikani alipo" apigiwe simu mara tatu kwa siku tatu tofauti, na jirani aulizwe, kabla jina halijafungwa. Aliyerudi nyumbani abaki kwenye ufuatiliaji mpaka awe na paa, choo kisichofurika, na njia ya kupata riziki kama aliyokuwa nayo kabla ya mvua.